Watu wa Kusadikika hawaanguki?

Najua wengine mmepangiwa shule za mjini, zenye umeme wa uhakika na chipsi getini. Mimi mwenzenu niko Chitete, wilaya ya Momba, mkoa wa Songwe. Ukifika Tunduma, pale malori yanapopanga foleni kusubiri kuvuka kwenda Zambia, unaziacha zile kelele za mpakani nyuma na kuingia huku ndani, kwenye mashamba ya mahindi na ufuta. Niko TP, wiki ya nne sasa. Nimeshazoea kuitwa mwalimu na watu walionizidi umri, na nimeshazoea shikamoo za asubuhi mpaka mdomo unachoka kuitikia marahaba.

Leo sina stori za boom kuchelewa wala za supu ya muhula uliopita. Nataka niongee habari ya vitabu, hasa vile vya mambo yasiyokuwepo: nchi za angani, majini, vyombo vya kusafiria kwenda sayari nyingine. Kilichonifanya nikae chini kuandika ni swali la mwanafunzi mmoja, na jibu langu ambalo mpaka leo linanikera.

Basi bwana, ilikuwa Jumanne, kidato cha tatu, kipindi cha mwisho. Jua kali, darasa limejaa, mimi na chaki yangu. Mada ilikuwa uhakiki wa riwaya, na nilifika kwenye mandhari. Nikaona nisiwachoshe na madesa, niwape mfano. Nikawasimulia Kusadikika ya Shaaban Robert: nchi iliyo angani, ambayo huwezi kuiona kwenye ramani yoyote, na humo kuna kijana anaitwa Karama, ameshtakiwa na waziri Majivuno kwa kosa la kuwafundisha watu elimu ya sheria. Wakatulia kabisa. Nikajisikia mwalimu kweli kweli.

Binti mmoja wa benchi la nyuma, ambaye siku zote huwa kimya, akanyoosha mkono. Akasema, "Samahani mwalimu. Hiyo nchi kama iko juu, watu wake hawaanguki?"

Darasa zima likacheka. Kinachoniuma ni kwamba na mimi nilicheka. Nikamjibu, "Hiyo ni jazanda tu. Andikeni: Kusadikika ni Tanganyika chini ya wakoloni." Wakainama wakaandika. Yule binti akaandika pia, akafunga kalamu yake. Toka siku ile wiki nzima hakunyoosha mkono tena.

Jioni nikamsimulia mwenzangu tunayekaa naye chumba kimoja. Yeye anafundisha fizikia. Nilidhani atacheka. Akaweka kikombe cha chai chini akaniambia, "Hilo ndilo swali zuri kuliko yote niliyosikia tangu tufike. Ungemleta kwangu." Akanieleza kwamba satelaiti nazo zinaanguka muda wote. Uvutano wa dunia unazivuta kama unavyolivuta embe kutoka mtini, ila zinakwenda kasi sana kando, kama kilomita 28,000 kwa saa kwa zile za karibu, kwa hiyo kila zikianguka dunia nayo inapinda chini yake na zinaikosa. "Kwa hiyo," akasema, "mwambie inawezekana wanaanguka kila siku, ila hawafiki."

Nilikosa usingizi wadau. Swali lile lilikuwa na majibu, tena matamu, na mimi nililizima kwa sentensi moja ya kukariri. Nikawasha taa ya sola nikaanza kusoma upya kitabu changu kilichobandikwa gundi ya plastiki mgongoni. Mama mwenye nyumba akagonga dirisha, "Mwanangu, bado hujalala? Unasoma nini usiku wote huu?" Nikamwambia nasoma habari za nchi iliyo hewani. Akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Haya, usije ukaota vibaya." Nadhani alijua nilichokuwa nacho kuliko nilivyojua mimi darasani.

Sasa tuingie kwenye historia kidogo, maana kuna jambo nataka tuliweke sawa. Ukiwauliza wana chuo wengi kuhusu riwaya za namna hii, watakutajia Harry Potter, watakutajia Tolkien, na wale wa sinema watakutajia Star Wars. Kisha watasema Waswahili hatuna vitu hivyo, sisi tunaandika mambo ya jamii. Na mimi nilikuwa nasema hivyo hivyo. Ni uongo, na tarehe zenyewe zinatuumbua.

Kusadikika ilichapishwa mwaka 1951. Kitabu cha kwanza cha The Lord of the Rings kilitoka London Julai 1954, mwezi ule ule TANU ilipoanzishwa Dar es Salaam. Maana yake yule karani wa serikali ya kikoloni kutoka Tanga alishamaliza kujenga nchi yake ya angani miaka 3 kabla. Satelaiti ya kwanza, Sputnik ya Warusi, ilirushwa Oktoba 1957. Shaaban Robert alishawaweka watu juu miaka 6 kabla ya Sputnik, na wakakaa huko na mfalme wao, mahakama yao na magereza yao. Na hiyo Kusadikika haikuwa ya kwanza kutoka kichwani mwake. Kufikirika aliiandika mwaka 1946, ila ilichapishwa mwaka 1967, miaka 5 baada ya yeye kufariki. Katikati hapo, mwaka 1952, ikatoka Adili na Nduguze, ambamo ndugu wawili wenye wivu, Hasidi na Mwivu, wanageuzwa manyani, na ndugu yao analazimika kuwapiga mijeledi kila usiku huku moyo unamuuma. Kama hiyo siyo fantasia, basi sijui fantasia ni nini.

Naye hakuanzia hewani. Mwaka 1870 Askofu Edward Steere alichapisha London hadithi alizozikusanya Zanzibar kutoka kwa wasimuliaji wa pale. Humo yupo paa anayeongea, anayemuua nyoka wa vichwa saba na kumpatia bwana wake masikini jumba na mke, halafu bwana yule yule anamdharau paa akiwa mgonjwa. Yupo pia nunda, paka aliyeanza kwa kula kuku akaishia kula watu. Hadithi za namna hii, pamoja na zile za Alfu Lela Ulela, zilishakuwa mali ya watu wa pwani muda mrefu. Ukimsoma Adili unaiona kabisa njia iliyotoka huko.

Halafu kuna mlango mwingine, wa tafsiri. Baada ya Kiunguja kuchaguliwa kuwa msingi wa Kiswahili sanifu mwaka 1928, na Kamati ya Lugha ya Afrika Mashariki kuanza kazi mwaka 1930, serikali za kikoloni zilihitaji vitabu vya kusoma shuleni. Frederick Johnson, katibu wa kwanza wa kamati hiyo, ndiye alitupatia Mashimo ya Mfalme Sulemani mwaka 1929 na Safari za Gulliver mwaka 1932. Mwaka 1940 ikatoka Elisi Katika Nchi ya Ajabu, na humo Elisi wa kwenye picha alichorwa kama mtoto wa Kiafrika. Kwa hiyo babu zetu waliobahatika kupata shule walikutana na vijitu vya Lilliput na sungura mwenye saa kwa Kiswahili, kabla ya wengi wao kuona gari moshi.

Mnaona wadau? Vitabu hivi vilikuwa ndani ya nyumba. Sisi ndio tulihama chumba.

Tulihamaje? Hapa nina maoni yangu, mnaweza kunipinga tukikutana. Baada ya uhuru, na hasa baada ya Azimio la Arusha mwaka 1967, fasihi ilipewa kazi nzito ya kujenga taifa. Siyo vibaya. Ila darasani ikaja tabia ya kukiuliza kila kitabu swali moja tu: kina dhamira gani? Kitabu kinachohusu kijiji cha ujamaa kilijibu haraka. Kitabu kinachohusu nchi ya angani kikalazimishwa kwanza kishuke chini, kivue mabawa, ndiyo kijibu. Tukajifunza kukitafsiri kabla ya kukisoma. Kusadikika sawa sawa na Tanganyika, Majivuno sawa sawa na mkoloni, jibu limepatikana, maksi kumi, tunaendelea.

Sisemi kwamba tafsiri hiyo ni ya uongo. Wahakiki wengi wamesema, na mimi nakubali, kwamba mtu aliyekuwa mtumishi wa Waingereza asingeweza kuandika waziwazi kuhusu serikali inayowafunga watu kwa kudai sheria. Nchi ya angani ilimpa pa kujificha. Lakini jamani, kama alitaka kutuambia sentensi moja tu, kwa nini alijisumbua kuwapeleka wajumbe sita, wanne kwenye pembe za dunia, mmoja mbinguni na mmoja ardhini, na kila mmoja akapata mateso yake na maajabu yake? Karama anatumia siku sita mahakamani kusimulia safari zile. Hatetewi na mawakili. Anatetewa na hadithi. Wajumbe wote walirudi na mambo mazuri ya kuisaidia nchi, na wote wakaishia kutupwa gerezani badala ya kushukuriwa. Ukiikubali ile nchi kwanza, ukaiamini kama mtoto anavyoamini zimwi la bibi yake, unamsikiliza Karama ukiwa umekaa pale pale mahakamani, na unaogopa. Ukianza na jibu la mtihani, huogopi. Unasubiri tu kengele ilie.

Na waandishi waliokuja baadaye waliijua njia hii. Mchukulieni Katama Mkangi wa Kenya. Alikuwa mwalimu wa sosholojia Chuo Kikuu cha Nairobi, na mwaka 1986, enzi za Moi, akawekwa kizuizini bila kesi. Mwaka 1995 akachapisha Walenisi. Humo mtu anaitwa Dzombo anahukumiwa kuuawa kwa kurushwa angani ndani ya chombo. Badala ya kufa anajifunza kukiendesha, anatua kwenye nchi nyingine ambako watu wanaishi kwa usawa. Ile nchi inaitwa Walenisi. Itamkeni polepole: wale ni sisi. Mimi nilipoligundua jina hilo nilikuwa kwenye foleni ya chakula kantini, nikapiga kelele mpaka watu wakageuka. Hiyo ni hadithi ya kisayansi ya Kiswahili, imeandikwa na mtu aliyejua kizuizini kunafananaje, na adhabu ya kifo kaifanya kuwa nauli ya safari.

Mchukulieni Euphrase Kezilahabi, mtoto wa Ukerewe, aliyefariki Januari 2020. Alianza na riwaya za maisha ya kawaida, Rosa Mistika mwaka 1971, Kichwamaji mwaka 1974. Halafu mwaka 1990 akatoa Nagona, na mwaka 1991 Mzingile. Vitabu vyembamba, unaweza kuvimaliza kati ya mlo wa mchana na wa jioni, ila vitakukaa mwaka mzima. Njia hazieleweki zinaanzia wapi, na katika Mzingile silaha za nyuklia zimeiangamiza dunia. Said Ahmed Mohamed wa Pemba naye, mwaka 2001, katika Babu Alipofufuka, akamtoa babu kaburini aje kumsumbua mjukuu wake mkubwa wa serikali, mla nchi. Mwaka uliofuata Kyallo Wadi Wamitila akatoa Bina-Adamu! Yaani watu wazima, wasomi, maprofesa, waliona kwamba kuna mambo ambayo ukiyaandika kama yalivyo hayatoshi.

Nikirudi kwetu sisi wa ualimu, Kufikirika nimeisoma nikiwa kidato cha tano, na kuna sehemu sikuitilia maanani kabisa wakati ule. Mfalme amepata mtoto baada ya kuhangaika miaka mingi, anamtafutia mwalimu. Mwalimu yule anafundisha vizuri, lakini anaongeza michezo kwenye masomo ya mtoto. Mfalme hapendi. Mwalimu anafukuzwa kazi. Yaani Shaaban Robert, mwaka 1946, aliandika habari ya mwalimu aliyefukuzwa kwa sababu ya kuruhusu mchezo. Na mimi mwaka huu, mwalimu mtarajiwa, nimemfukuza mtoto mchezoni bila hata kuagizwa na mfalme. Swali la kuanguka lilikuwa mchezo. Ndiyo mchezo wenyewe wa vitabu hivi: ukipewa nchi, unaijaribu kama inasimama.

Wiki iliyofuata nikaingia kidato cha tatu bila madesa. Nikasema, "Wiki iliyopita niliulizwa swali nikalicheka. Nilikosea. Leo tunalijibu." Nikaandika ubaoni: Watu wa Kusadikika hawaanguki? Mwanzoni wakaona aibu. Kisha kijana mmoja wa mbele akasema labda nchi yao ina mizizi kama muhogo, ila imeota kwenda juu. Mwingine akasema labda juu ya kwao ndiyo chini ya kwetu. Mwingine akasema, "Mwalimu, labda sisi ndio tunaning'inia, hatujui tu." Nikawapa na lile jibu la fizikia la kuanguka bila kufika. Darasa likawa soko. Mwalimu wa darasa la jirani akaja kuchungulia kama kuna usalama.

Halafu nikawaambia kila mtu ajenge nchi yake kwa nusu ukurasa, na aseme sheria moja ya nchi ile ambayo haipo hapa. Wadau, sijawahi kufurahia kusahihisha namna hii. Mmoja ambaye baba yake ni utingo kaandika nchi ya foleni: malori yamesubiri mpakani miaka mingi mpaka matairi yakaota majani, madereva wakaoa humo humo, na watoto waliozaliwa kwenye foleni wanaamini kwamba mpaka ni hadithi ya wazee. Sheria yake: haramu kumuuliza aliye mbele yako ameanza kusubiri lini. Mnaniambia huyo mtoto hajui dhamira? Sikumfundisha. Alijenga nchi kwanza, dhamira ikaja yenyewe ikakaa ndani.

Hapo ndipo nilipoelewa ninachotaka kuwaambia. Vitabu hivi havikwepi ukweli. Vinaujengea nyumba kwanza. Ukimlazimisha msomaji aanze na ukweli kabla hajaingia nyumbani, anabaki barazani na jibu lake mkononi. Sisi tunaotarajia kwenda kufundisha Kiswahili tuna uwezo wa kuwafungulia watoto mlango au kuwaacha hapo nje, tena kwa sentensi moja tu.

Lakini nisiwadanganye kwamba mambo yaliisha vizuri kama kwenye sinema. Yule binti hakunyoosha mkono siku ile. Alisikiliza, aliandika nchi yake, nusu ukurasa mwandiko mdogo mdogo, akaikabidhi pamoja na wenzake. Nilimpa maksi nzuri. Nikasema moyoni, basi, mengine nimeshayaharibu.

Ijumaa baada ya kengele akanisubiri nje ya ofisi. "Shikamoo mwalimu. Naomba kile kitabu." Nikampa, nikamwambia aangalie mgongo wake, gundi imechoka. Jumatatu akakirudisha, amekivalisha jalada la gazeti. Nikamuuliza umekionaje. Akafikiri kidogo, akasema, "Mwalimu, yule mjumbe aliyetumwa ardhini. Kwao, sisi ndio wageni. Alipotuona, alituonaje?"

Nimekisoma kitabu kile mara tatu, mara moja kwa mtihani. Nimejua siku zote kwamba kuna mjumbe wa ardhini. Sikuwahi kufikiri kwamba ardhi yenyewe ni hii, yenye Chitete ndani yake, na kwamba kwa mtu wa Kusadikika sisi ndio nchi ya ajabu iliyo mbali.

Sikumjibu. Nilimwambia, "Kaa hapo kwenye benchi, tufungue tuangalie wote." Tukafungua.

Taa ya sola imeanza kufifia na kesho nina kipindi cha kwanza. Tukikutana chuoni nitakuja na kitabu kikiwa na jalada lake la gazeti. Anayetaka kukiazima aje na swali. Lolote, hata la kuchekesha.